Jinsi ya Kuchunguza Migodi ya Kale Iliyotelekezwa na Kusoma Alama za Wachimbaji: Mwongozo Kamili

Mgodi ukifungwa, mitambo huuzwa, chuma chakavu hubebwa, na watu hutawanyika kutafuta riziki kwingine. Hubaki vitu ambavyo hakuna aliyeona vina thamani: michirizo ya sululu ukutani, tone la nta, hesabu ya vigari iliyoandikwa kwa masizi, alama ya kidole gumba kwenye donge la udongo. Vitabu vya kampuni viliandika mishahara ya wachimbaji na vifo vyao, basi. Ukuta wa mgodi mara nyingi ndio mahali pekee ambapo mtu wa kawaida aliyefanya kazi humo aliacha neno lake mwenyewe.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kusoma alama hizo. Anayetafuta dhahabu iliyosahaulika, au mahali pa kujipima ujasiri, hautamfaa. Niliseme mapema: sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika juu ya ardhi, kwenye karatasi na kwenye vifusi. Kushuka chini ni hatua ya mwisho, na hufanywa pamoja na watu wanaoujua mgodi huo kwa undani. Mgodi usioujua, usio na mwenyeji wala ruhusa, usiingie hata hatua tatu. Wakala wa usalama migodini wa Marekani, MSHA, umeendesha kampeni kwa miaka mingi yenye ujumbe mmoja tu: kaa nje, ubaki hai. Nakubaliana nao kabisa.

Hatua ya 1: Zoeza jicho kwenye mgodi uliofunguliwa kwa wageni

Usianzie kwenye shimo la porini. Anzia kwenye mgodi ulioimarishwa, wenye taa na mwongozaji, na uende na maswali yako. Falun, Sweden, ni mgodi wa shaba uliochimbwa kwa karne nyingi hadi ulipofungwa mwaka 1992, na leo wageni hushushwa na mwongozaji. Wieliczka, Poland, ni mgodi wa chumvi ambao kazi yake ilianza karne ya 13; humo wachimbaji walichonga makanisa mazima ndani ya chumvi, na Kanisa la Mtakatifu Kinga liko mita 101 chini ya ardhi. Grime's Graves, Uingereza, ina mashimo zaidi ya 400 yaliyochimbwa tangu takriban mwaka 2600 kabla ya Kristo na watu waliotafuta jiwe gumegume, wakitumia pembe za kulungu kama sululu. Great Orme, Wales, ni mgodi wa shaba wa Enzi ya Bronzi, wenye njia nyembamba kiasi kwamba baadhi yake zinadhaniwa kuchimbwa na watoto. Na Ngwenya, Eswatini, ambako watu walichimba udongo mwekundu wa rangi zaidi ya miaka 40,000 iliyopita, ni miongoni mwa migodi ya kale kuliko yote inayojulikana duniani.

Ukifika sehemu kama hizo, usikimbilie kupiga picha. Mwombe mwongozaji azime taa kubwa na kumulika ukuta kwa ubavu, tochi ikiwa karibu kugusa mwamba. Mwanga wa mbele hufanya ukuta uonekane mtupu, ule wa ubavuni hutoa kivuli kwa kila mkwaruzo. Nusu ya yale nitakayoeleza kwenye Hatua ya 7 utayaona siku hiyohiyo, bila kuhatarisha chochote.

Hatua ya 2: Anza na karatasi

Kabla ya kwenda eneo lolote, tafuta ramani za zamani, ripoti za wanajiolojia wa serikali, picha, magazeti ya wakati huo na vitabu vya malipo. Vituo vya kumbukumbu vya taifa na idara za jiolojia huhifadhi vitu vingi kuliko watu wanavyodhani. Nchini Uingereza, kwa mfano, sheria za mwaka 1872 ziliwalazimu wenye migodi kukabidhi ramani za mgodi unapofungwa, kwa hiyo kwa migodi mingi ya baada ya hapo kuna mchoro unaoonyesha kila handaki lililojulikana. Ya kabla ya hapo, mara nyingi hakuna.

Tafuta mambo manne: mgodi ulichimba nini, ulianza na kusimama mara ngapi, ulikuwa na milango mingapi, na kulitokea ajali gani. Swali la pili ndilo linalosahaulika. Migodi mingi imefunguliwa na kufungwa mara kadhaa kadiri bei ya madini ilivyopanda na kushuka, na kila kizazi kilipita juu ya kazi ya waliotangulia. Usipojua hilo utaona reli ya mwaka 1930 ndani ya handaki la mwaka 1780 na kuvichukulia kuwa vya wakati mmoja.

Zungumza na wazee. Mtu ambaye baba yake alifanya kazi humo anaweza kukueleza ni wapi paliitwaje, zamu ilibadilika saa ngapi, maji yalipenya upande gani. Mrekodi akikuruhusu. Tembelea na makaburi: tarehe nyingi zinazofanana kwenye mawe ya kaburi ni habari ya ajali ambayo huenda gazeti liliipa mistari miwili.

Ukitaka kuona karatasi zinavyoweza kubadilisha mgodi mzima, angalia Roșia Montană, Romania, iliyokuwa Alburnus Maior zama za Warumi. Kati ya mwaka 1786 na 1855 zilipatikana humo, ndani ya mahandaki yenyewe, mbao zilizopakwa nta na kuandikwa na watu wa karne ya 2. Miongoni mwake mna mikataba ya kazi. Mmoja wa mwaka 164 ni wa mtu aitwaye Memmius, aliyekubali kufanya kazi mgodini kwa dinari 70. Mwandishi aliongeza kwamba anaandika kwa niaba yake kwa sababu Memmius alisema hajui kuandika. Bila mbao hizo tungekuwa na mahandaki mazuri yaliyochongwa kwa ustadi, na asingekuwapo mtu hata mmoja mwenye jina.

Hatua ya 3: Pata ruhusa

Hapa sina maneno mengi. Mgodi ulioachwa una mwenyewe: mwenye ardhi, mwenye leseni ya madini (mara nyingi ni watu wawili tofauti), na pengine mamlaka ya mambo ya kale. Omba ruhusa kwa maandishi na ueleze unataka kupiga picha na kuchora, bila kuchimba wala kuchukua kitu. Kukiwa na chama cha historia ya uchimbaji katika eneo hilo, jiunge nacho. Hao ndio wenye funguo za milango iliyofungwa na ndio wanaojua mwamba gani umelegea. Uingereza vyama vya namna hiyo vimeungana chini ya mwavuli wa NAMHO.

Hatua ya 4: Soma juu ya ardhi

Tembea eneo lote kabla ya kufikiria mlango. Mashimo madogo yaliyopangana kwenye mstari mmoja mlimani yanakuonyesha mshipa wa madini ulivyopita. Wachimbaji wa kwanza waliufuata kutoka juu, shimo baada ya shimo. Rundo la kifusi lenye umbo la ulimi linaloshuka bondeni hutoka kwenye mlango wa handaki, hata kama mlango wenyewe umeporomoka. Rundo la mviringo lenye kishimo katikati ni shimo la wima.

Ukubwa wa kifusi unakueleza mgodi ulikwenda umbali gani. Aina ya mawe inakueleza zaidi: mawe makubwa yasiyo na madini ni ya kutoboa njia, vipande vidogo vya ukubwa unaolingana vimevunjwa kwa mkono, na mchanga laini wa rangi moja umepita kwenye mitambo ya kusaga. Panapokuwa na rundo la vipande vidogo karibu na jiwe bapa lenye vishimo, hapo watu walikaa kuponda mawe siku nzima. Katika migodi mingi ya Ulaya kazi hiyo ilikuwa ya wanawake na watoto, na ndiyo isiyopigwa picha.

Kisha tafuta misingi ya mitambo. Boliti nene zinazochomoza kwenye saruji, zikipimwa umbali wake, hueleza winchi au boila ya ukubwa gani ilikaa hapo. Fuata mifereji iliyokauka: maji yalitoka mbali kuzungusha magurudumu, na mfereji mmoja unaweza kukupeleka kilomita kadhaa hadi kwenye bwawa lililosahaulika.

Tahadhari tatu za juu ya ardhi. Ardhi iliyobonyea kama faneli inaweza kuwa shimo lililofunikwa kwa mbao zilizooza, kwa hiyo usikaribie ukingo wala usirushe jiwe kusikiliza kina. Mchanga wa mabaki unaweza kuwa na zebaki, sianidi, aseniki au risasi. Usiukalie, usile juu yake, nawa mikono. Na maji ya rangi ya chungwa yanayotoka mlangoni yana metali, na mara nyingi asidi, hata yakiwa na ubaridi mtamu wa kuvutia.

Hatua ya 5: Elewa kinachoua

Watu huogopa paa kuporomoka. Linaua kweli, lakini hatari ya kwanza ya kuielewa ni hewa, kwa sababu haionekani na haitoi onyo.

Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Kipima gesi hulia inaposhuka chini ya 19.5. Ndani ya mgodi, magogo yanayooza na madini ya salfaidi kama pairiti yanayopata kutu hula oksijeni kimyakimya mwaka baada ya mwaka, hasa kwenye njia zisizo na upande wa pili. Kabonidayoksaidi ni nzito kuliko hewa, hivyo hulala sehemu za chini: aliyesimama anaweza kuwa sawa, na anayeinama au kushuka ngazi chache akazimia. Kabonimonoksaidi haina harufu hata kidogo. Haidrojeni salfaidi hunuka mayai yaliyooza ikiwa kidogo, lakini ikizidi huipooza pua, na mtu hudhani imeondoka. Methani, ambayo ni gesi ya migodi ya makaa ya mawe hasa, hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Ndiyo sababu mshumaa haufai kuwa kipimo. Kwa maoni yangu, mgodi wa makaa uliotelekezwa usiingiwe kabisa na mtu asiye mwokoaji wa migodini.

Tena hewa ya mgodini haitulii. Mgandamizo wa hewa ukishuka nje, kama inavyotokea kabla ya dhoruba, hewa mbovu iliyolala kwenye vyumba vya ndani hutoka na kujaa njiani. Mgodi uliokuwa salama juzi unaweza kuua leo. Na mwenzako akianguka ghafla bila sababu, usimkimbilie. Rudi nyuma, toka, ita waokoaji. Ni jambo gumu kulisoma na gumu zaidi kulitenda, lakini mara nyingi katika ajali za aina hii mtu wa pili na wa tatu hufa wakimfuata wa kwanza.

Hatari ya pili ni sakafu ya uongo. Wachimbaji walipotoa mawe yenye madini chini ya miguu yao walilaza magogo juu ya pengo na kurundika kifusi juu yake ili wapate njia. Leo unaona sakafu ya mawe imara. Chini yake kuna magogo ya miaka 100, na chini ya magogo hakuna kitu. Ndugu yake ni dimbwi: maji yanayoonekana ya kina cha kifundo cha mguu yanaweza kuwa mdomo wa shimo lililojaa hadi juu.

Paa lenyewe hutoa dalili kwa anayejua kuangalia. Jiwe lenye uso safi lililokaa juu ya vumbi la miaka mingi limeanguka karibuni. Matimba, yaani magogo ya kuegemeza paa, yaliyopinda au kupasuka yanabeba mzigo. Yaliyofunikwa na ukungu mweupe hayabebi kitu. Usiyaguse yote mawili, wala usiyaegemee.

Kisha baruti. Mvumbuzi Alfred Nobel alipata hataza ya dainamaiti mwaka 1867, na tangu hapo masanduku mengi yamesahauliwa chini. Dainamaiti ya zamani huvuja nitrogliserini, ambayo hulipuka kwa kutikiswa tu. Fataki za mgodini, yaani viwashio vya baruti, ni mirija midogo ya shaba au aluminiamu, ya ukubwa wa kipande cha penseli, na inaweza kukata vidole. Ukiona vitu hivi, au tundu la kulipulia lililoachwa bila kulipuliwa, usipige hata picha ya karibu. Toka na utoe taarifa kwa polisi.

Mwisho, popo. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, Uganda, waliugua homa ya Marburg, na virusi hivyo vilipatikana kwa popo wa matunda waliokuwa wakiishi humo. Kinyesi cha popo katika sehemu nyingi za dunia hubeba pia kuvu inayoshambulia mapafu. Na hatari huenda upande wa pili vilevile: kuvu iliyoonekana kwanza New York katika majira ya baridi ya 2006 imeua mamilioni ya popo Amerika Kaskazini, na matope kwenye buti za watu ni njia mojawapo ya kuisambaza. Mgodi wenye kundi la popo waachie popo.

Hatua ya 6: Kikundi na vifaa

Ukishapata kikundi chenye mwenyeji, ukubwa mzuri ni watu wanne: mmoja akiumia, mmoja anabaki naye, wawili wanakwenda kutafuta msaada pamoja. Juu abaki mtu wa tano mwenye ramani yenu na saa mliyopatana. Saa hiyo ikipita bila habari, anaita waokoaji, hajadiliani na nafsi yake.

Kila mtu awe na helmeti yenye kamba ya kidevu, tochi ya kichwani na nyingine mbili za akiba zenye betri zake, buti imara, glavu, nguo za joto, maji na kisanduku cha huduma ya kwanza. Kikundi kiwe na kipima gesi kinachosoma angalau oksijeni, kabonimonoksaidi, haidrojeni salfaidi na gesi zinazowaka, kilichokaguliwa kwa tarehe. Kipimo kikilia, mnatoka wote. Mambo ya kamba na mashimo ya wima waachieni waliofunzwa. Kwa kazi ya kusoma alama, mahandaki ya mlalo yanatosha na kubaki.

Hatua ya 7: Soma kuta

Hapa ndipo penye utamu wa kazi yote. Tembea polepole, simama mara kwa mara, mulika kwa ubavu. Anza na swali moja: mwamba huu ulivunjwa kwa nini?

Njia ya kale kabisa ni moto. Kuni zilirundikwa mwambani, zikawashwa, na joto likapasua jiwe. Moto huacha kuta laini zenye mabonde ya mviringo, paa lililojikunja kama kuba, masizi, mwamba uliogeuka mwekundu, na vipande vya mkaa sakafuni. Usiharakishe kusema ni wa zama za kale sana, kwani huko Kongsberg, Norway, moto ulitumika hadi mwishoni mwa karne ya 19. Mkaa ndio unaoweza kupimwa umri maabara. Kwa hiyo usiukanyage.

Sululu na tindo huacha michirizo mifupi iliyolala sambamba. Iangalie inaelekea wapi, kwa maana inakuonyesha mchimbaji alisimama upande gani. Ukifuata michirizo hiyo unaweza kufika mahali inapogeuka: hapo makundi mawili yaliyochimba kutoka pande mbili yalikutana, na mara nyingi utaona njia imepinda kidogo au sakafu imepishana kwa kiganja kimoja. Mahandaki ya mkono pia yana umbo la mwili, membamba miguuni, mapana mabegani, kwa sababu hakuna aliyetaka kukata jiwe lisilo la lazima. Simama katikati bila kugusa ukuta na utajua kimo cha aliyelichimba.

Matundu ya baruti ni sura nyingine. Miongoni mwa ulipuaji wa baruti migodini unaojulikana kwa maandishi mapema zaidi ni ule wa mwaka 1627 huko Schemnitz, leo Banská Štiavnica nchini Slovakia, kwa hiyo ukiona nusu ya tundu imebaki ukutani kama mfereji, kazi hiyo kwa kawaida ni ya karne ya 17 au baadaye. Tundu la mkono lilitobolewa kwa mtaimbo mwembamba: mmoja ameushika na kuuzungusha kidogo baada ya kila pigo, mwingine anagonga. Liangalie kwa karibu. Halina mviringo kamili, mara nyingi lina pembe tatu zilizofifia, na hupungua upana kadiri linavyoingia ndani, kwa vile kila mtaimbo mrefu zaidi ulikuwa na ncha ndogo kuliko uliotangulia. Tundu la mashine, kuanzia nusu ya pili ya karne ya 19, ni refu, la mviringo, limenyooka, na limepangwa kwa mpango pamoja na wenzake. Tundu la mashine likikatiza michirizo ya sululu, unajua lipi lilitangulia. Nidhamu ni hiyohiyo kwa kila alama: tafuta kinachokatwa na kinachokata.

Sasa tafuta mwanga wao. Mabaki ya mafuta na vishimo vidogo ukutani ni mahali pa taa. Doa jeusi juu ya kishimo linathibitisha. Wachimbaji wa Cornwall, Uingereza, walibandika mshumaa ukutani kwa donge la udongo wa mfinyanzi. Madonge hayo bado yapo katika migodi kadhaa, na mengine yana alama za vidole zilizo wazi: gumba lililosukuma kutoka mbele, vidole viwili vilivyokandamiza pembeni, na mistari ya ngozi ndani yake. Mara ya kwanza nilipomulika donge kama hilo kwa ubavu nilisahau kabisa mishipa ya madini. Mtu alisimama hapa, akabandika mwanga wake, akaanza kazi.

Tangu takriban mwaka 1900 zilikuja taa za kabaidi, ambazo maji yakidondokea kabaidi ya kalisi hutoa gesi ya asetilini inayowaka kwa mwanga mkali. Chokaa ya kijivu iliyobaki ilimwagwa popote taa ilipojazwa upya, hivyo kirundo cha unga huo kwenye kona ni mahali pa mapumziko. Angalia ukuta ulio juu yake. Mwali wa kabaidi hutoa masizi, na watu waliokaa kupumzika waliandika nao: majina, tarehe, picha za farasi, mishale ya njia ya kutokea, mistari minne na mmoja wa kukatiza ya kuhesabia vigari. Hesabu hizo ni za maana kuliko zinavyoonekana, kwa kuwa mara nyingi mtu alilipwa kwa kigari, na aliyeandika alikuwa akilinda ujira wake.

Majina yana mtego. Wageni wa miaka ya karibuni nao huandika, na wengine huandika tarehe za uongo. Tazama kama juu ya herufi kuna utando wa chokaa iliyotiririka au vumbi lililoganda, kama namna ya kuandika inalingana na wakati, na kama jina hilo limo kwenye vitabu vya malipo ulivyosoma katika Hatua ya 2. Jina likipatikana kote kuwili, umempata mtu.

Sakafu nayo ina mengi. Mataruma yaliyooza huacha mabonde sambamba kwenye matope hata reli zikiwa zimeng'olewa. Nyayo za buti zenye misumari hubaki miongo mingi kwenye tope lililokauka. Zizungushie mawe madogo wenzako wasizikanyage. Makopo na chupa hukupa tarehe: chupa ambayo mshono wake unapanda hadi mdomoni imetengenezwa na mashine, na mashine hizo zilianza mwaka 1903, kizibo cha chuma chenye meno ni cha mwaka 1892 au baadaye. Lakini kumbuka kwamba chupa hutumiwa tena na tena. Inakueleza tu kwamba mtu alikuwa hapo baada ya mwaka fulani.

Usipite kuta za mawe makavu kwa haraka. Kifusi kilichopangwa kwa mkono, jiwe kwa jiwe, uso wake ukiwa umenyooka kabisa, gizani, mahali ambapo hakuna bosi angepita kukikagua: hiyo ni heshima ya mtu kwa kazi yake, na kwangu ni miongoni mwa mambo ya kugusa kuliko yote.

Pima pia upana wa njia ndogo. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 1842 ilipiga marufuku wanawake na wasichana wote, pamoja na wavulana wa chini ya miaka 10, kufanya kazi chini ya ardhi katika migodi ya makaa. Sheria hutungwa kwa sababu jambo lilikuwepo. Njia ya sentimita 40 yenye kuta zilizosuguliwa laini ina habari yake.

Vitu vinavyosalia hutegemea kemia ya mahali. Chumvi ya Hallstatt, Austria, imehifadhi ngazi ya mbao iliyojengwa kwa miti iliyokatwa mwaka 1344 kabla ya Kristo, mikoba ya ngozi ya kubebea chumvi, na hata kinyesi cha wachimbaji. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wale wa Enzi ya Chuma walikula jibini ya ukungu na kunywa bia. Huko Falun, mwaka 1719, uliopolewa mwili wa kijana uliohifadhiwa na maji yenye madini ya shaba na chuma. Hakuna aliyemtambua hadi alipokuja mwanamke mmoja mzee na kusema ni mchumba wake, Mats Israelsson, aliyepotea mwaka 1677.

Hatua ya 8: Rekodi kama mtu atakayekuja baadaye hatakuona

Kila alama ipigwe picha tatu: ya mbali inayoonyesha ukuta mzima, ya karibu yenye rula, na ya mwanga wa ubavu. Chora ramani kwa penseli kwenye karatasi isiyolowa. Simu itakufa, penseli haifi. Andika kwa namna ambayo mgeni angeweza kurudi mahali hapohapo: "Handaki la pili, ukuta wa kushoto ukiingia, mita 31 kutoka mlangoni, mita 1.4 juu ya sakafu. Donge la udongo, upana sm 6, alama ya gumba upande wa kulia. Doa la masizi juu yake, urefu sm 20. Tundu moja la mkono chini yake, limekatwa na ulipuaji wa baadaye." Tenganisha ulichokiona na unachodhani, dhana ziende ukurasa wa mkabala.

Usipitishe chaki juu ya herufi ili zisomeke, usizilowanishe, usizisugue. Programu za kuhariri picha zitafanya kazi hiyo nyumbani bila kuharibu kitu.

Hatua ya 9: Acha, safisha, kabidhi

Usichukue chochote, hata msumari. Nyundo iliyoegemezwa kwenye uso wa mwisho wa handaki inasema kazi ilisimama ghafla, au kwamba mtu alitegemea kurudi kesho. Nyundo hiyohiyo kwenye kabati la nyumbani ni chuma tu. Ukikuta mabaki ya binadamu, simama hapo, rudini kwa nyayo zenu, na mpige simu polisi.

Ukitoka, ondoa matope yote papo hapo kabla ya kuondoka eneo hilo. Nyumbani, loweka vifaa vinavyovumilia joto kwenye maji ya nyuzi 55 au zaidi kwa dakika 20 ili kuua kuvu ya popo, na usiingie mgodi mwingine wala pango kwa nguo ambazo hazijasafishwa.

Halafu peleka nakala ya rekodi zako kwa mwenye ardhi, kwa mamlaka ya mambo ya kale na kwa chama cha historia ya eneo. Unapochapisha picha mtandaoni, ficha mahali halisi palipo na mlango wazi na uondoe vipimo vya GPS ndani ya faili ya picha, kwani wezi wa vyuma na wauzaji wa vitu vya kale husoma kurasa hizohizo. Na majina uliyoyapata ukutani, yapeleke kwa familia ikiwa zinajulikana, pamoja na picha safi iliyochapishwa kwenye karatasi.